Risasi ya Tano

Mimi ndiye mwenye daftari.
Saa moja na nusu, Makoroboi bado hawajakunjua maturubai,
Bujiku anasimama dirishani, kofia kwapani,
nami namhesabia mezani moja moja,
kama mahari ya maskini:
bunduki moja, nambari yake imefutika nusu,
risasi tano.
Sahihi yake ina mkia, hupita mstari.
Nimemkanya. Hasikii.

Jioni anarudi na gari la Kirumba, ananuka dizeli na dagaa,
anaweka tano, nahesabu tano,
kabati linafungwa kwa funguo mbili,
mmoja wangu, mmoja wa mkuu wa posta.
Miaka kumi na mmoja.
Bunduki ile haijawahi kusema neno.

Jumanne, siku ya pensheni, aliweka nne.

Akajipapasa. Akatoa mifuko ya suruali nje,
ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.
Karanga. Shilingi mia. Uzi.
Na kwenye koti tundu dogo, la kupita kidole,
akalipitisha kidole, akakiangalia upande wa pili
kana kwamba si chake.

Tulipiga magoti sote, hata mkuu na tai yake,
tukafagia chini ya makabati yaliyokaa tangu mjerumani,
tukapata stempu za senti hamsini na jino la mtu.
Ndipo akakumbuka: saa tisa aliinama
kumsaidia Kahindi kunyanyua mfuko wa Nansio,
mdomo ukiwa wazi.
Sasa mfuko ulikuwa umefungwa, lakiri imekauka,
unangoja meli ya asubuhi.

Kanuni ya silaha: itafutwe sasa hivi, asitoke mtu.
Kanuni ya posta: mfuko uliotiwa lakiri
haufunguliwi ila na mkono ulioandikiwa.
Zikasimama hapo kanuni mbili,
kama wakwe waliokutana kwenye mlango mwembamba.
Afande aliyeitwa alikuna shingo.
Akaomba chai.

Tulikesha.
Mvua ilikuja kutoka Ukerewe, ikapiga bati, ikapita.
Bujiku alikaa mbele ya mfuko, mikono mitupu,
na sikujua analinda barua zisidhurike na risasi
au risasi isisomwe na barua.
Mle ndani nilivijua vyote, nilivipima mwenyewe:
miwani ya mwalimu wa Murutunguru,
wito wa baraza la ardhi, mbegu za nyanya,
kadi ya harusi iliyochelewa, harusi ilishaliwa.
Saa tisa usiku akasema,
"Bi Nyamizi, zote hizi miaka yote sikuijua hata moja.
Hii sasa naijua."

Asubuhi mfuko ulivuka maji na askari wawili.
Saa nane simu ikalia. Magesa, posta ya Nansio:
"Ipo. Ilikuwa imelala kwenye miwani."
Nikamwambia airudishe.
"Kwa njia gani?" Akanisomea orodha ya ukutani kwake,
ambayo mimi ndiye niliyempelekea:
petroli, nyoka hai, kemikali, risasi.
Na kibali cha Bujiku kinataja jengo letu tu,
kuvuka nayo ziwa ni kosa.

Siku mbili kibali kipya kilitafuta mihuri yake.
Siku mbili risasi ilikaa Nansio ndani ya bahasha,
na Magesa kwa kalamu nyekundu alikuwa ameandika:
SI BARUA.

Ijumaa Bujiku aliiweka mezani.
Koti nilikuwa nimelishona mimi, kwa kamba ya kufungia mifuko,
lilikaza upande mmoja akatembea kama mwenye kichomi.
Nikahesabu tano.
Moja ilikuwa na tone la lakiri kitakoni, jekundu,
dogo kama jicho la furu.
Nilipaswa kulikwangua.
Kuna kanuni ya usafi wa silaha, kifungu sijui cha ngapi.
Nikaandika tano, nikamgeuzia daftari asaini.